Pini Thelathini na Mbili

Bahasha imeingia Oulu na theluji mgongoni.
Ndani, bodi tano za kijani, nyembamba kama kaki,
mchoro wangu, jina langu pembeni: Ilpo, toleo la kwanza.
Nikalehemu moja. Nikaivisha ganda la kaseti kuukuu
ya mpira wa miguu ambayo hakuna aliyeipenda.
Nikaichomeka kwenye mashine ya gemu, ile ya kijivu,
ya mkononi, ya Senja alipokuwa na miaka minne;
kona yake bado ina alama za meno.

Nikawasha.
Mstatili mweusi ukashuka katikati ya kioo,
polepole, kama shata la duka lililofilisika,
ukasimama. Basi.

Anayezijua mashine hizi anaujua mstatili huo:
mashine imebisha hodi, imeuliza jina,
na kutoka ndani ya kaseti
mtu amejibu kwa kuropoka.

Siku tatu nilimshuku kila mtu.
Chipu ya kumbukumbu niliyoing'oa kwenye modemu.
Risasi ya kulehemia, ya bei ya kutupa.
Programu yangu, mistari mia tisa, mingine niliiandika nikisinzia.
Nikaushuku umeme wa jengo. Nikamshuku Aarne wa chini
na mashine yake ya kufulia,
nikamsikiliza, kidole juu ya swichi, hadi imalize kusuuza.
Saa tisa alasiri, na taa za barabarani zimewaka kitambo.

Kumbe mdomo.
Mdomo wa kaseti niliuchora nikiutazama kwa nyuma,
kama anayejinyoa kwenye kioo akakata shavu lisilo lake.
Anwani zote zimepinduka, ya mwisho imekaa mwanzoni.
Umeme na ardhi tu, nilizozichora mwisho kwa mkono,
zilikaa mahali pake, ndiyo maana hakikuungua kitu.
Kosa moja. Nakala tano.

Na mimi ndiye niliyekagua michoro ya wenzangu
miaka ishirini na sita, kwa kalamu nyekundu,
hadi kiwanda cha simu kikafungwa
wakatupa keki, na boksi la kubebea vitu vyetu.
Kalamu ninayo.

Senja kwa simu kutoka Turku: "Tupa, baba. Agiza nyingine."
Nyingine ni wiki tatu. Tena sizitaki.
Nikachukua kisu, nikakata njia za shaba moja moja,
kisha waya mwembamba kama unywele,
na mwingine, na mwingine,
kila mmoja ukimkwepa mwenzake kama watu kwenye ngazi.
Mkono wangu siku hizi una maoni yake.
Pini ya kumi na moja niliirudia mara saba.

Jumamosi akaja na treni, hakuniambia.
Akavua viatu, akaitazama meza, akacheka,
kisha akashika tochi palepale ilipotakiwa,
kama zamani alipokuwa akipiga magoti juu ya kiti.
Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Moshi wa risasi ukampata machoni; akaupuliza, hakusogea.

Saa sita na kitu usiku. Kaseti haifungiki tena,
nyaya zimefura juu yake kama kiota.
Nikawasha.
Shata likashuka, na safari hii lilikuwa na herufi.
Kisha kioo kikawa kitupu. Kisha, kijani juu ya kijani,
alama ya kutoa na tarakimu mbili:
kuna waya mrefu nimeupitisha dirishani,
ncha yake inapima baridi.

"Miezi minne," akasema Senja, "na hapo dirishani
kuna kipimajoto cha mama."
Kipo.
Chake kinasema ishirini na saba chini ya sifuri.
Changu, ishirini na sita.
Senja anavaa koti, anatoka nje bila glavu
kwenda kuona nani mwongo.